Kiazi Kilichobaki Jivuni

Mama mkwe wa Wangechi hakuwahi kuhesabu watu. "Ati uhesabu watoto kama mbuzi?" alifoka, kisha akachutama mekoni na kufukia viazi kwenye jivu la moto, kila kimoja kwa jina la mlaji: hiki cha mzee, hiki cha Wamae, hiki cha bintiye Wakonyo, vya wajukuu wote, na chake mwisho. Alivigeuza kwa vidole vitupu vilivyonuka maua ya pareto aliyochuma shambani, akipuliza vidole, si viazi. Kiazi kikibaki, alijua nani hajarudi, wala hakugusa chake mpaka mwenyewe abishe hodi. Wangechi alipoolewa na Wamae pale Endarasha, miaka ile ya mwanzo ya Uhuru, baridi ilikuwa imeunguza viazi shambani. Hata hivyo, jioni yake ya kwanza alikuta chake kimeshaiva. Mpaka leo hajapata kukaribishwa vizuri kuliko hivyo.

Jioni ya mazishi ya mama mkwe, Wangechi ndiye aliyechutama. Alitaja majina kwa sauti ya chini, na mkono, kwa mazoea, ukafukia cha mama pia. Watu walipokwisha kula, kilibaki. Mzee akakiopoa, akakipangusa jivu, akakimenya taratibu, akamega kipande laini na kukipuliza. Kisha akamgeukia kitinda mimba wa Wangechi, aliyepewa jina la marehemu nyanya yake, na ambaye ndiyo kwanza anaota meno.

"Mlete hapa," akasema. "Mwenyewe amefika."