Siku Darasa Liliposoma Hojaji Zangu

Kwa miaka mitatu nilifundisha mbinu za utafiti katika chuo kimoja mjini Shinyanga bila kuwaambia wanafunzi wangu kwamba na mimi nafanya utafiti. Mchana niliwasomea slaidi za sampuli na hojaji. Jioni, nikirudi kwangu Ngokolo, nilikaa na data zangu kimyakimya, kama mtu mwenye nyumba ndogo. Kisha siku moja binti wa mwaka wa pili, aliyezoea kukaa safu ya mwisho, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, samahani. Wewe umewahi kufanya utafiti, au unafundisha tu?"

Darasa likacheka. Nami nikacheka, lakini swali liliniingia. Wiki iliyofuata nikaja na boksi la hojaji zisizo na majina, zilizojazwa katika vijiji vya kuzunguka Kharumwa, ambako nilikuwa nachunguza jinsi kaya zinavyoutegemea uchimbaji mdogo wa dhahabu. Nikawagawia, nikawaambia wasome na wanieleze wanachokiona. Nilitarajia waone nilichokiona mimi: kwamba kaya nyingi, hata zilizo jirani kabisa na mashimo, hazina mtu anayefanya kazi machimboni. Makala yangu kuhusu jambo hilo ilikuwa karibu kwisha, na nilikuwa naipenda.

Yule binti alisoma tatu, akaziweka chini.

"Mwalimu, hii si kweli. Mimi natoka huko."

Nikamwambia atuonyeshe. Akaomba ruhusa ya kumpigia mama yake, akaweka simu kwenye spika.

"Shikamoo mama. Nipo darasani, wenzangu na mwalimu wanakusikia."

"Marahaba. Umekosa nini?"

"Sijakosa. Hapo nyumbani kuna mtu anayefanya kazi machimboni?"

"Hakuna."

"Asubuhi ulikuwa wapi?"

"Nilipeleka maandazi huko kwenye mashimo."

"Na baba mdogo?"

"Yupo kwenye krasha, anasaga mawe."

"Na shangazi?"

"Anawauzia wachimbaji maji."

"Sasa mbona umesema hakuna?"

"Si umeuliza kazi ya machimbo? Nani kati yetu anashuka shimoni?"

Akaongeza neno kwa Kisukuma, na nusu ya darasa wakainamia meza kwa kicheko. Mimi ni mtu wa Tanga, ikabidi nitafsiriwe: alikuwa anashangaa kama chuo kinafundisha watoto kuuliza mambo wanayoyajua.

Masikio yaliniwaka. Hata hivyo nikaiomba ile simu.

"Shikamoo mama. Mimi ndiye mwalimu. Ningekuuliza vipi ndipo nipate jibu la kweli?"

"Uliza leo tumekula nini, na kimepatikana wapi."

Nikaandika ubaoni kama alivyosema. Sikumbuki kipindi kingine ambacho wanafunzi waligombania chaki. Wiki mbili tulibishana juu ya maneno: "kazi" maana yake nini, nani ahesabiwe, nani aulizwe kwanza. Zile slaidi sikuzifungua tena. Jumamosi moja tukakodi Kosta, tukarudi kwenye kaya zilezile na hojaji mpya. Nyumba baada ya nyumba, "hakuna" ikageuka kuwa watu wawili, watatu.

Kwa mama yule tulikaribishwa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na chai. Alimwambia binti yake amsomee fomu yote, swali kwa swali.

"La tisa nalo, la pesa tunazopata, mlibadilishe," akasema. "Mkiuliza hivyo, watu watawaogopa."

Tukalibadilisha palepale, karatasi zikiwa magotini.

Makala ilichelewa karibu mwaka mzima, maana hitimisho lote nililifuta. Ilipotoka, niliwashukuru wanafunzi wangu kwenye ukurasa wa kwanza, na waliupiga picha wakaurusha kwenye kundi la darasa. Yule binti sasa anaandika tasnifu yake. Juzi aliniletea rasimu ofisini, akaketi mbele yangu na kalamu mkononi, akaniambia nianze na hojaji, na nisimwonee huruma.