Darasa Nyuma ya Kwilti

Nyumba yangu ya Mbeya ina milango miwili, na siku hizi mimi hutumia mmoja tu, ule wa jikoni. Wa mbele unafungukia sebuleni, na sebuleni hukaa baba mkwe wangu. Mimi na yeye hatutakiwi kuonana.

Niseme mapema kwamba hatukugombana. Mume wangu ni Mnyakyusa, na kwao, kwa mila ya wazee, mke wa mtoto na baba mkwe huheshimiana kwa kukwepana. Hamkai chumba kimoja, hamtazamani, hamsemeshani. Nasikia familia nyingi zimeshaacha, na nyingine hutoa zawadi mambo yakaisha. Ya kwetu haikuacha. Mimi ni Mhehe wa Iringa, na nyumbani kwetu babu alikula na yeyote aliyekuwepo, lakini nilipoolewa nikaambiwa hapa ndivyo tunavyoheshimiana, nikasema sawa. Kusema sawa ilikuwa rahisi. Wakwe waliishi kijijini, tulikwenda mara chache, na tukifika mama mkwe alinipitisha uani kama mtu anayevusha kuku barabarani, huku akicheka.

Kisha mama mkwe akafariki. Baada ya msiba mzee akaletwa kwetu, na watoto wetu wako shule za bweni, kwa hiyo ndani tukabaki watatu: mume wangu, ambaye anamwona kila mtu, na sisi wawili tusioonana.

Mzee akitaka kutoka chumbani hukohoa kwanza. Nikisikia naacha nilichoshika naingia stoo. Nimeshasimama humo katikati ya magunia ya mchele na viganja vimejaa unga wa ngano, nikimsikiliza akitembea taratibu kwenda chooni na kurudi. Chakula chake napakua mimi, anapeleka mume wangu. Mume wangu akichelewa kazini, naweka sinia kwenye meza ya koridoni, nagonga ukuta na kutoweka. Najua kandambili zake, najua redio yake, najua anapenda ndizi zilizopikwa na maziwa na hapendi tambi. Uso wake naujua kwa picha ya harusi. Nilikuwa na hasira wakati wote, na hasira yenyewe haikuwa na pa kwenda, maana hakuna aliyenikosea.

Pumziko langu lilikuwa kazi. Nafundisha kushona kwilti za maua, yale matandiko ya tabaka tatu, kitambaa juu, pamba katikati, kitambaa chini, na usoni maua yaliyokatwa kwenye vipande vya vitenge na kushonewa kwa mkono. Watu wetu wakiona viraka wanafikiria umaskini, kwa hiyo darasa langu lolote huanza kwa mimi kutandaza kwilti moja mezani na kunyamaza mpaka wamalize kucheka. Nafundisha kwenye maonesho, kwenye semina za akina mama, na zaidi ya yote kwenye mafungo ya Iringa, katika kituo kimoja jirani na Kihesa ambako wanawake huja siku tatu kusali, kulala usingizi wa kutosha na kujifunza kazi ya mikono.

Wanakuja na simu zao zimejaa mawaridi. Nawaambia wazime, watoke nje, waniletee ua la kiazi. Hapo ndipo wananiona nimechanganyikiwa. Mtu amelima viazi tangu utotoni na hajawahi kulitazama ua lake. Basi tunaliweka mezani, tunalichora kwenye karatasi ya kaki, tunakata, tunatafuta kitenge chenye zambarau iliyopauka kama ile. Baadaye tunahamia ua la pareto, la njegere, la parachichi. Kufikia jioni ya pili wanagombania mkasi. Na mimi pale napita mlango wowote. Nakaa kwenye kochi. Nacheka kwa sauti yangu, ambayo si ndogo. Asubuhi mtu akinisalimia "Kamwene, mwalimu," naitika mpaka jikoni wanasikia.

Mama anayesimamia kile kituo alinivuta kando mwishoni mwa mafungo ya Juni. "Mwalimu, hamia hapa," akasema. "Chumba kipo, darasa litakuwepo mwaka mzima, nyumbani utakwenda kila mwisho wa mwezi. Sisi tumeshakubaliana, umebaki wewe tu." Nilitaka kukubali palepale. Nikamwomba muda niongee na mume wangu, kama mke mwema.

Mume wangu hakukataa. Alisema, "Mpaka mzee aseme."

"Basi muulize."

"Nitamuuliza."

Hakumuuliza. Kila nilipokumbusha, mzee alikuwa ametoka kuamka, au miguu inamuuma, au leo si siku nzuri. Mimi ningemuuliza kwa dakika moja, lakini mimi ndiye mtu pekee katika nyumba ile asiyeweza kumsemesha. Jibu langu lilikaa kwenye kochi upande wa pili wa ukuta, linasikiliza taarifa ya habari. Julai yote ikapita hivyo.

Agosti yakaja maonesho ya wakulima hapa Mbeya. Kikundi chetu cha washonaji kilipata hema dogo la kufundishia katikati ya wauza mbegu na wauza asali. Kule ndani kabisa tulifunga kamba kutoka nguzo hadi nguzo, tukatundika kwilti yangu kubwa, shamba zima la viazi lililochanua, ikafika chini kabisa. Nyuma yake pakabaki kichumba chembamba cha kuweka mikoba, chupa za chai na marobota ya pamba. Turubai la nyuma lilikuwa limekazwa kwa vigingi kwa sababu ya upepo. Ukiingia kule, kutoka ni kwa kupita mbele tu.

Nilikuwa nimeingia kuchukua pamba niliposikia sauti ya mume wangu ikiomba kiti. Halafu nikasikia kikohozi.

Mzee alikuwa amekuja kutazama ng'ombe, kama afanyavyo kila mwaka, miguu ikamkatalia njiani, na mume wangu akamleta kwenye hema la kwanza alilokumbuka. Wanafunzi wakampa kiti cha plastiki, wakakiweka mlangoni penye jua. Nikashika nguzo. Nilikuwa nimenasa.

"Mwalimu!" aliita mama mmoja muuza vitenge, Mwislamu ambaye asili yao ni pwani, na hakujua lolote kuhusu mambo yetu. "Wafanya nini huko? Kuna mgeni, njoo umpe shikamoo yake!"

"Msalimieni nyinyi," nikasema kwa sauti ndogo.

Mume wangu akaelewa niko wapi. Nilimsikia akikwama. "Mzee, twende tukaone ng'ombe," akasema.

"Ng'ombe hawaendi popote," mzee akajibu. "Niacheni nikae."

Akakaa. Mume wangu akaenda kutafuta soda, yaani akakimbia. Mimi nikakalia robota nikangoja, na mbele yangu kulikuwa na darasa lililolipia kufundishwa.

"Mwalimu, hili jani langu lajikunja, nilifanyeje?" Yule yule muuza vitenge.

Nikanong'ona.

"Sikusikii!"

Nikanong'ona tena.

"Mwalimu, sema bwana, wewe si mgonjwa!"

Hapo uvumilivu ukaniishia. "Lipitishe hapa chini!" nikasema, na kazi yake ikaingia kwangu kwa kupita chini ya kwilti. Nikaitazama, nikairudisha. "Fumua. Mshono uwe mdogo, ujifiche chini ya ukingo. Huo ulioshona ni wa gunia." Wakacheka. Ikaja kazi nyingine, na nyingine. Mikono ikawa inaingia na kutoka pale chini, na mimi nikawa nakagua nimepiga magoti, na kadiri nilivyokagua ndivyo nilivyosahau. Sauti yangu ikarudi ukubwa wake. Mmoja akapitisha ua la kiazi lenye pembe sita. "Hicho kiazi umekilima wapi?" nikamuuliza. "Cha Mungu kina pembe tano. Rudi shambani!"

Darasa likaangua kicheko, na ndani ya kicheko hicho nikasikia sauti nzito ya mwanamume mzee akicheka mpaka anakohoa. Sikuwahi kumsikia mzee akicheka. Na yeye, nikakumbuka, hakuwahi kunisikia mimi kabisa, maana nyumbani mimi hunong'ona.

"Anafundisha, huyu," akasema, sijui alimwambia nani.

Alipoondoka wanafunzi waliniita nitoke, nikatoka. Nilikuwa na aibu, na chini ya aibu kulikuwa na furaha ya kijinga kabisa. Nilidhani sasa atasema neno. Amenisikia, atajua mimi ni nani, ataniachia niende.

Neno lilikuja jioni hiyo hiyo. Mume wangu aliingia jikoni anatabasamu kama mtu aliyefaulu mtihani wa mwenzake. "Mama watoto, mzee amekusifu! Anasema, Iringa unafuata nini? Fundishia hapahapa. Siku za darasa sebule yote ni yako. Yeye atakaa chumbani kwake mpaka wanafunzi waondoke."

Nilikuwa namenya ndizi. Niliendelea kumenya. Nilijua kila mtu nitakayemsimulia ataniambia nimebarikiwa, mkwe gani siku hizi anatoa sebule? Nilijua pia mzee ananipa kitu pekee alichonacho katika nyumba ile, kochi lake na dirisha lake la kutazama wapita njia, na kwamba kwa ajili yangu atajifungia siku nzima kwenye chumba chenye kitanda na ndoo. Wakati wote huo nilikuwa nimejihesabu mfungwa peke yangu, sikuwahi kufikiri kwamba na yeye hukohoa kabla ya kufungua mlango. Nilitamani awe mtu mbaya. Kwa mtu mbaya ningeondoka na begi mchana kweupe.

"Mwambie nashukuru sana," nikasema. "Na mwambie nakwenda Iringa."

"Mimi siwezi kumwambia hivyo."

"Sasa nani amwambie?"

"Si ukamwambie mwenyewe," akasema, akaenda kuwasha televisheni.

Alijua anachosema. Baada ya miaka yote ile, alijua. Nikafuta mikono kwenye kanga, nikatembea koridoni mpaka kwenye mlango wa mzee, nikasimama mahali ambapo sijawahi kusimama. Ndani redio ilikuwa ikizungumza.

"Baba," nikasema.

Redio ikazimwa.

"Ni mimi, baba. Nashukuru kwa sebule. Lakini kule Iringa wameniita nikafundishe, nikae kulekule, nirudi kila mwisho wa mwezi. Naomba niende."

Kitanda kikalia. Nilidhani anainuka, nikarudi nyuma hatua moja. Hakuinuka.

"Chakula atapika nani?" akauliza.

Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu niolewe. Hayakuwa na ukali wowote. Aliuliza kama mtoto anavyouliza.

"Mwanao, baba," nikajibu, kwa sauti ambayo sebuleni wangeisikia.

"Huyu?"

Nilijikuta natabasamu kwenye giza la koridoni. Ilikuwa mara ya kwanza mimi na mzee kukubaliana juu ya jambo. Kisha nikamsikia akisugua viganja kwenye magoti yake, nikajua anafikiri.

"Haya, mwanangu," akasema. "Nenda. Mimi nitakula mkate."

Nilirudi jikoni nikamalizia ndizi, nikatia maziwa, nikapakua, mume wangu akapeleka. Siku zilizofuata nilijiambia wazee wengi wanaishi kwa mkate na chai, kwamba binti wa kazi anapatikana, kwamba mume wangu ana mikono miwili. Yote yalikuwa kweli. Mume wangu akaleta binti mmoja, naye akapika tambi, sinia likarudi kama lilivyokwenda, na mzee akatuma salamu kwamba ameshiba.

Mwisho wa wiki nilimpigia simu yule mama wa Kihesa. Nikamwambia nitaendelea kuja kwenye mafungo, siku tatu tatu kama zamani, ila kuhamia sitaweza.

Akaguna. "Pole, mwalimu. Mkwe amekataa?"

"Hapana," nikamwambia. "Hakukataa."