Mashine Iliyokataa Karte

Vita vilikuwa havijaisha, lakini ofisi moja ya serikali katika mji wa Baraka ilikuwa na kompyuta, na jenereta ilinguruma ili sisi tuliopanga foleni tutazame skrini nyeusi. Fundi aliifungua mashine, akamwambia mkubwa wa ofisi: "Chef, karte ya picha, hii kadi ya ndani inayoleta picha kwa skrini, iko muzima. Ni mashine ndiyo inakataa kuitambua."

Nyuma yangu mama mmoja wa milimani, ambaye karte yake ya utambulisho ilikataliwa kwenye kila bariera ya askari barabarani, eti yeye ni mgeni, akaguna: "Ata mashine?"

Fundi akachomoa ile karte, akaisugua kwa gomme ya kufutia penseli, akairudisha. Skrini ikawaka.

Mama akanyoosha yake: "Papa, unisugulie na hii."

Chef akainyakua gomme, akaifungia kwenye droo. Siku nzima, ndiyo kazi pekee niliyomwona akiifanya haraka.