Matobolwa ya Mjomba Luhende

Tulipokuwa wadogo pale mtaa wa Kambarage, Shinyanga, niliamini kwa moyo wote kwamba mpiga muziki wa sinema husafiri ndani ya gari la sinema, lile lililozunguka kuonyesha filamu, kakunjwa kama shuka, hufunguliwa muziki unapohitajika tu. Aliyeniambia ni Kulwa, binti wa jirani, aliyejua mambo yote ya dunia isipokuwa hesabu.

Nilikuwa na sababu ya kumwamini. Mjomba Luhende, mdogo wake mama, aliuza dume la ng'ombe la babu akanunua gitaa la umeme, na mtaa wetu haukuwa na taa hata moja. Akaanzisha bendi ya roki. Suruali zao zilifagia barabara kutoka Shinyanga hadi Isaka. Babu akamfukuza. Tukasikia yuko Dar es Salaam, anatunga muziki wa filamu za kufundisha wakulima. Barua haikuja. Mama alikuwa akisonga ugali, mara mwiko unasimama, anasikiliza njia.

Gari la sinema likaja na filamu ya pamba. Funza mla pamba alipotokea kwenye kitambaa cheupe cha sinema, gitaa lilinguruma mpaka ng'ombe wa wilaya nzima wakakata kamba. Watu wakamshangilia funza.

"Jamani, huyo ndiye adui," bwana shamba akalalamika.

"Adui gani anacheza vizuri hivi, baba?" bibi mmoja akamjibu.

Mama akanibana mkono. "Huyo ni Luhende." Babu akauliza, "Huko aliko, anakula kweli?"

Basi kulipokucha nikachukua matobolwa, viazi vitamu vya kuchemsha na kuanika, nikayapenyeza kwenye mlango wa nyuma wa gari. "Mjomba Luhende, shikamoo. Babu anauliza kama unakula. Toka twende nyumbani." Kila gari lilipokuja nilipeleka mengine, nikisubiri atoke.

Vijana wa leo wanajaza muziki masikioni, wala hawajiulizi mpigaji kalala na nini tumboni. Nawacheka, halafu najicheka: simu yangu ina nyimbo tele, na hakuna hata mmoja nilioubebea chakula.

Safari ya nne mlango ukafunguliwa. Akatoka mwendesha mtambo wa sinema, macho yamejaa usingizi, nyuma yake magurudumu ya filamu na godoro.

"Shikamoo. Namtaka mjomba wangu, Luhende."

Akachuchumaa. "Marahaba. Humu nalala mimi peke yangu, mwanangu. Muziki uko kwenye mkanda. Mjomba wako yuko Dar, mzima. Viazi nimekula mimi. Maneno ya babu yako niliyasikia nikiwa humu ndani, nikamfikishia, na amesema anakuja."