Bweni la Wasichana Kule Chini

Nilikuwa mwanamke pekee katika ofisi ile, na bosi alimtajia jambo hilo kila mgeni kana kwamba amenifuga. Ofisi yenyewe ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la mabati na misumari mjini Machakos. Chumba cha mbele kilikuwa chake, msanifu majengo mwenye vyeti ukutani. Cha nyuma kilikuwa changu, pamoja na ubao wa kuchorea na mashine ya kunakili ramani iliyonuka amonia hadi macho yakatokwa na machozi. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza chuo cha ufundi Nairobi, na niliamini kwamba kitu kikichorwa vizuri kitajengwa vizuri.

Siku moja bosi aliniwekea faili mezani. Kamati ya wafanyabiashara na waumini fulani ilikuwa imenunua kilima upande wa Masii, na ilitaka chuo cha ualimu cha wanafunzi wa kulala. Madarasa, bwalo, kanisa, nyumba za walimu, mabweni mawili.

"Anza wewe," aliniambia. "Mimi nitapitia."

Sijawahi kupewa zawadi kubwa kuliko ile. Nilienda kwenye kilima siku nne mfululizo, na mpimaji na utepe wake, nikarudi jioni na udongo mwekundu hadi magotini. Nilitaka kujua jua linachomoza wapi, upepo unatoka wapi, mtu akitoka darasani mvua ikinyesha apite wapi asilowe.

Siku ya tatu alitujia mama mmoja aliyekuwa na shamba hapo jirani, ameshika kamba ya mbuzi. Alitutazama tukipima upande wa chini, penye uwanda mzuri ulio sawa, kisha akaniita.

"Mwanangu, hapa mnataka kujenga?"

"Bado hatujaamua, mwaitu," nilimjibu, nikimwita mama kwa Kikamba.

Alinipeleka kwenye mkonge mkavu uliosimama katikati ya ule uwanda. Kwenye shina lake, juu ya kiuno changu, palikuwa na nyasi kavu na vijiti vimejisokota, vimeshikamana na tope la zamani.

"Hizi nyasi hazikupanda hapa zenyewe," alisema. "Watu wanaona pamekauka, wanafikiri ni shamba. Hii ni njia ya maji. Miaka mingine hayaji. Yakija, hayabishi hodi."

Niliandika maneno hayo kwenye daftari langu, na kwenye ramani nikaacha sehemu ile tupu. Bweni la wasichana nililiweka juu, kwenye bega la kilima, karibu na bwalo. Hilo ndilo jengo nililolipenda kuliko yote. Mimi mwenyewe nililala miaka minne katika bweni lenye madirisha ya ghala, tukianika nguo za ndani chini ya magodoro kwa sababu kamba pekee ilikuwa mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu. Nguo zilinuka uvundo, na wengine walipata vipele. Kwa hiyo nilichora ua mdogo wenye ukuta, wazi kwa jua la asubuhi, wa kuanikia tu. Nilichora baraza pana. Nilichora matangi ya kukinga maji ya mapaa, maana Ukambani mwanafunzi wa kike ndiye hutumwa mtoni kwanza.

Bosi aliitazama ramani muda mrefu. "Si mbaya," alisema. Kwake hiyo ilikuwa sifa.

Kamati ilikutana ofisini kwetu. Mwenyekiti alikuwa mfanyabiashara wa kahawa kutoka Kangundo, mtu mnene mpole ambaye hakuwahi kupaza sauti kwa sababu hakuhitaji. Aliweka kidole kwenye bega la kilima.

"Hapa ndipo mtu akiwa barabarani anaona chuo?"

"Ndiyo, mzee," bosi alijibu.

"Na kitu cha kwanza anaona ni wasichana wakianika nguo?"

Wakacheka. Mimi pia nilitabasamu. Ndivyo ilivyokuwa kazi yangu. Mwenyekiti alitaka nyumba ya mkuu wa chuo iwe pale juu, na ya wageni kando yake. Wasichana, alisema, wawekwe kule chini, mbali na barabara na mbali na wavulana. Aliufunika uwanda wa chini kwa kiganja chake.

"Hapo ni njia ya maji," nilisema.

Wote walinigeukia. Nilieleza habari ya mkonge na nyasi. Nilisikia sauti yangu ikizidi kuwa nyembamba.

"Nani alikuambia?"

"Mama mwenye shamba hapo karibu."

"Yule wa mbuzi?" Mwenyekiti alimtazama bosi, si mimi. "Yule alitaka hiyo ardhi mwenyewe. Ametuzungusha mwaka mzima."

Walipoondoka nilimfuata bosi chumbani kwake. Nilimwambia angalau tuwaandikie barua. Alivua miwani, akaifuta kwa tai.

"Wewe msichana, uko na shida gani? Kuna wachoraji wangapi wanatafuta kazi hapa mjini? Chora vile wamesema."

Nikachora. Wakati huo ramani zilichorwa kwa wino kwenye karatasi nyororo inayopitisha mwanga, na ukitaka kufuta ulikwangua wino kwa wembe, polepole, usitoboe. Nililikwangua bweni langu kutoka begani mwa kilima. Ua wa kuanikia ulikuwa wa mwisho kutoka. Kisha nikalichora upya kule chini, bila ua, bila baraza, na matangi mawili tu kati ya sita. Kando yake niliandika kwa herufi ndogo: njia ya maji ya mvua. Bosi aliyaona maneno yale alipokuja kupitia. Hakugomba. Alinisogezea tu wembe, nikayakwangua pia. Kwenye kisanduku cha pembeni, palipoandikwa "imechorwa na", nikatia herufi za jina langu kama kawaida.

Ningeweza kukataa. Nimejiambia kwa miaka mingi kwamba nisingeweza, kwamba mama yangu alinitegemea, kwamba wangempa mwingine. Yote ni kweli, na hakuna hata moja linaloondoa ukweli kwamba mkono ulikuwa wangu na wino ulikuwa wangu.

Chuo kilifunguliwa. Mvua ilikuja baada ya muhula wa nne, mchana wa siku ya kazi, wanafunzi wakiwa madarasani. Ilinyesha tangu alfajiri huko juu milimani, na saa nane maji mekundu yakashuka kwenye uwanda. Bwenini walikuwa wasichana wawili wenye malaria, na mlezi wa bweni, mama mtu mzima kutoka Muthetheni. Mlango ulifungukia nje na maji yalikuwa yameubana. Mlezi alivunja dirisha kwa kiti, akawapitisha wale wasichana mmoja mmoja, wakapanda juu ya tangi. Yeye alikuwa bado anapanda dirishani ukuta ulipoanguka. Walimtoa akiwa hai. Mguu wa kulia ulikatwa juu ya goti.

Niliyasikia hayo asubuhi iliyofuata dukani kwa yule muuza mabati, nikiwa nimesimama na kikombe cha chai. Nilipanda ngazi. Bosi alikuwa ameshafika, na ramani ilikuwa imetandazwa mezani kwake.

Kamati ilileta watu wa kuchunguza. Bosi aliwaonyesha kisanduku cha pembeni. Mchoraji wake, aliwaambia, alikuwa bado mchanga, na yeye alimwamini kupita kiasi. Niliwaambia habari ya mkutano. Mwenyekiti alisema, kwa upole uleule, kwamba hakumbuki. Niliwaambia habari ya mama wa mbuzi, nikawasihi wamwite. Hawakumwita. Daftari langu halikuonekana tena kwenye droo. Mwisho wa mwezi sikuwa na kazi, na hakuna ofisi ya ujenzi Machakos iliyokuwa haijasikia kwamba mimi ndiye niliyejenga bweni mtoni.

Nilikaa mwaka mzima kabla ya kwenda Muthetheni. Mlezi aliishi nyuma ya soko, na binti yake. Alikuwa ameketi kwenye kiti kifupi, akichambua maharagwe, magongo yake yameegemea ukuta. Alifikiri mimi ni mmoja wa wanafunzi wa zamani. Alifurahi, akamwita binti yake alete muthokoi, ikaletwa sahani kubwa ya mahindi na kunde, inafuka moshi.

"Ulikuwa darasa gani?" aliniuliza.

"Sikuwa mwanafunzi. Mimi ndiye niliyechora bweni."

Mikono yake ilisimama kwenye maharagwe. Binti yake alinitazama, kisha akaingia ndani.

"Mlikuwa mnajua kwamba maji yanapita hapo?"

"Nilijua. Niliwaambia wakakataa. Halafu nikachora."

"Ukachora."

"Ndiyo, mama."

Nilikuwa nimeandaa maneno mengine: habari ya wembe, ya daftari, ya bosi. Yote yalinikaukia mdomoni, kwa sababu niligundua kuwa nilikuwa nimekuja ili mwanamke huyu anihurumie, yeye aliyeketi mbele yangu na sketi iliyolala bapa upande mmoja. Niliomba msamaha. Sijui kama alinisikia. Nilisema kwa sauti ya chini sana.

Alirudia maharagwe yake. Alitupa mawe madogo mawili uani. Niliinuka.

"Keti," alisema, bila kuniangalia. "Chakula kimeshapakuliwa. Kwangu mgeni haondoki na njaa."

Niliketi. Nilikula kila punje. Nilipomaliza alichukua sahani, akaiweka chini kando ya magongo.

"Sasa nenda," alisema. "Na usirudi hapa."