Nyumba ya Tangawizi Juu ya Kichanja

Majina ya watu wa habari hii ninayo yote, hata la mbwa wa jirani. Nayaacha kichwani. Wenyewe wako hai, na hawakuniomba niwaandike.

Ilianza na simu ya jirani yangu, mke wa askari wa kule base, kambi ya jeshi, mwanamke aliyetoka mbali, upande wa magharibi. Alimwonyesha mjukuu wangu wa kike picha ya nyumba ya mkate wa tangawizi. Kuta za mkate, mlango wa mkate, pipi za bonbon kwenye madirisha. Mtoto alikuwa na miaka tisa, akaniletea simu niangalie na mimi. Niliangalia sana. Nikauliza ule weupe juu ya paa ni nini, mihogo wameianika? Akasema hapana, ni mvua ya nchi za baridi, inaanguka nyeupe na inakaa juu ya nyumba. Sasa kwa nini mtu afanye pambo la kitu kinachomlemea paa? Hakujua. Mpaka leo na mimi sijajua.

Siku ileile baba yake akapiga simu. Baba yake ni mwanangu, anafanya kazi ya reli Luena. Watoto wake watatu, huyo wa kike na wadogo zake wawili wa kiume, walikuwa kwangu Kamina, maana mama yao alikuwa Malemba-Nkulu akimwuguza mama yake mzazi. Mtoto akamwambia baba kwamba atamjengea nyumba ya mkate kwa Noeli. Baba akacheka. Akasema mkate ni wa kula, hauwezi kubeba paa, ataamini siku atakayoiona imesimama mbele ya macho yake. Alisema kwa mchezo tu. Lakini mtoto alinirudishia simu uso umekaza, na tangu hapo kazi haikuwa tena ya kula. Ilikuwa ya kumwonyesha baba.

Tulianza Jumamosi, siku nne kabla ya Noeli. Farini ya ngano, sukari, mayai, majarini, asali nyeusi ya porini, na tangawizi niliyoitwanga mwenyewe mpaka macho yakatoa machozi. Tulioka katika sufuria kubwa, makala, makaa ya moto, chini na mengine juu ya kifuniko. Kwa mazoea ya mkono nilitia hamira. Kuta mbili za kwanza zikavimba kama matumbo ya watoto wachanga, hazikuweza kukaa wima, na wale wadogo wawili wakazila zingali moto. Mara ya pili nikaacha hamira, zikatoka bapa, nyekundu kama tofali. Mtoto akachukua uma, akapiga mistari kwenye vipande viwili vya paa vikiwa bado vibichi, vifanane na mabati. Hilo halikuwa kwenye picha. Alilitoa kichwani mwake.

Gundi ilikuwa sukari tupu, iliyoyeyuka motoni mpaka ikageuka rangi ya chai. Iliniunguza kidole, lakini inashika kushinda simenti. Nyumba ikasimama, urefu wake kama kutoka kiwiko changu hadi vidoleni. Tuliizunguka wote wanne, tukichungulia madirishani kama watu wanaotafuta nyumba ya kupanga.

Lakini mwezi huo kwetu ni mvua juu ya mvua, hata chumvi inalia maji ndani ya kopo. Jumapili, tuliporudi kanisani, nikabonyeza ukuta. Ulikuwa laini kama pera lililoiva. Paa lilikuwa limeanza kupinda katikati. Na habari ikafika kwamba mvua imekula udongo chini ya reli, treni haitoki Luena mpaka warekebishe. Baba aliyetazamiwa Jumanne, sasa hakuna aliyejua siku yake.

Mtoto hakulia. Alikuwa ameegemeza paa kwa kijiko cha mti, akaniuliza mimi bibi yake: "Kambo, kintu ikikuwa na mayi ndani, banatoshaka ile mayi namna gani?"

Hilo la kutoa maji njo nalijua. Shule sikukaa sana, lakini mimi ni mtoto wa Kinkondja, kule ziwani, na mama yangu alikausha samaki maisha yake yote. Maji ndani ya kitu hayaogopi moto mkali. Moto mkali unafunga ngozi na maji yanabaki ndani, yanaoza. Yanaogopa moto mdogo usiochoka. Juu ya jiko langu la nje, chini ya kibati, nina kichanja cha fito ninapowekea samaki. Nikawashusha samaki, nikaipandisha nyumba. Makala machache, majivu juu yake, na kila saa kuigeuza, mlango ukatazama upande mwingine.

Jirani yule wa simu alipita, akasimama, akashika kiuno. "Mama mukubwa," akasema, "hii samaki yako ya madirisha, ulivulia wapi?"

Nikamjibu apite na njia yake, asije akamwamsha mwenye nyumba.

Siku ya tatu ukuta ukigongwa ulilia kama bakuli. Noeli ikapita, tukala wali na kuku, nyumba ikiwa juu ya kichanja chake. Yule mdogo kabisa akaiba mlango, akaula. Dada yake hakumpiga. Alimwambia tu kwamba siku baba atakapofika, yeye njo atakayemweleza mlango ulikwenda wapi.

Baba alifika kesho yake ya Noeli, saa sita ya mchana, matope mpaka magotini, sehemu ya njia kwa treni na sehemu juu ya kinga, baiskeli ya mtu. Hakupewa hata maji. Binti yake alimvuta mkono mpaka kwenye jiko. Akainama, akatazama mistari ya mabati, akaingiza kidole mahali pa mlango, akagonga ukuta.

"Sema," mtoto akamwambia.

"Iko nasimama," baba akamjibu binti. "Kweli iko nasimama, mama yangu."

Basi mtoto akavunja paa kwa mikono yake mwenyewe, akampa kipande. Baba akatafuna. Akatafuna tena, polepole, akanitazama mimi. Nikaonja. Tangawizi ilikuwepo, asali ilikuwepo, na nyuma yao samaki, samaki kabisa wa Kinkondja. Fito zile zimenyonya mafuta ya samaki miaka mingi, na pua yangu haiyasikii tena. Wale wawili wakatema. Baba yao alikula paa lote, na jirani akaomba ukuta mmoja wa kunywea chai, kisha akarudi kuniuliza ni makala ya mti gani.

Mtoto mwenyewe hakula. Nikamwuliza kwa nini.

"Minyi nilitaka tu baba aseme," akanijibu, akaenda kunawa sukari mikononi.