Majina Yaliyokatwa kwa Wino Mwekundu

Kila alfajiri, kabla hajamwaga usipa juu ya kichanja cha kuanikia, Herieth aliita majina kumi na moja. Aliyatamka chinichini, vidole vikitawanya vile visamaki, na mwenye jina akaitika "nipo" kutoka kichanja cha jirani. Jina la kumi na mbili lilikuwa lake. Hilo hakuliita.

Aliyeyakata yote kwenye daftari la shule ni Mwalimu Mkuu Dunstan, mwaka ule alipoteremshwa kutoka Mbinga. Shule ilikuwa ya mwisho katani, naye akaapa kuipandisha. Njia aliyoiona ni moja: wanaochelewa watolewe, wasishushe wastani. Mtu wa milimani, hakujua habari za mwezi. Usipa huvuliwa kwa taa, siku za giza. Mitumbwi hurudi alfajiri na watoto huanika mpaka saa tatu. Mwezi ukijaa hakuna kazi, wote wanawahi shule. Na tangu wanunuzi binafsi waanze kuteremka na malori, kuanika ndiko kulikolisha nyumba. Kusogeza kipindi cha kwanza siku chache za mwezi kungetosha. Yeye akaona uvivu tu.

"Wewe na harufu yako ya usipa," alimwambia Herieth mbele ya darasa la tano, "nenda kaolewe na kichanja."

Darasa lilicheka. Herieth hakulia. Alimtazama, kisha akaondoka na kipande cha chaki kiganjani.

Usipa ukishatandazwa hungoja jua. Muda huo wa kungoja ukawa shule. Miaka miwili aliwafundisha wale kumi na mmoja kwa vitabu vya kuazima na hesabu za mchangani. Aliyekosa aligeuza usipa wa kichanja kizima peke yake.

"Dada, tumechoka," Rodrick alilalamika siku moja.

"Kachokee kwa Dunstan. Hapa tunamtafutia siku yake."

Mwaka wa darasa la saba ulipofika, mratibu wa elimu wa kata, Mama Lidia, alikuja na jaribio pamoja na fomu za kuandikisha watahiniwa. Alikuja wiki ya giza. Akakuta madawati mengi matupu.

"Wa ufukweni hao," Dunstan alisema. "Hawafundishiki."

Mama Lidia akabeba karatasi zake akateremka mwenyewe ufukweni. Kumi na mmoja wakaandikia magotini, kando ya vichanja, Herieth akiwagawia karatasi. Alipomaliza kusahihisha, tisa kati yao walikuwa wamewapita wote waliokaa darasani.

Mchana Herieth, waliyemtaja kuwa mwalimu wao, akaitwa ofisini.

"Shikamoo mama. Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, binti yangu," Dunstan aliwahi, meno yote nje. "Mama Mratibu, huyu ndiye msaidizi niliyemweka kule. Mpango wangu huo. Si ndiyo, Herieth?"

Herieth alimwacha ang'ae kidogo.

"Mwalimu, tuonyeshe daftari la mahudhurio la mwaka juzi. Darasa la tano."

"Daftari la nini tena?"

Mama Lidia alishanyoosha mkono. Kurasa zilifunguliwa, mistari myekundu ikaonekana.

"Mpango wake huo hapo, mama," alisema Herieth.

Mratibu hakuinua sauti. Alimsogezea Dunstan fomu. "Andika."

Herieth akasimama mlangoni akayaita majina, moja moja, bila haraka. Jasho lilimtiririka mwalimu mpaka kwenye kola. Alipokosea la Frederick, Herieth alisema, "Futa. Anza tena." Akafuta. Akaanza tena.

La kumi na moja lilipokauka wino, Dunstan aliinua uso. Kalamu ilikuwa bado mkononi.

"Na wewe nikuandike, mwanangu. Yaishe."

Herieth aliitazama ile kalamu. Jina lake lingetosha mstari mmoja tu, na mtihani angefaulu, alilijua hilo. Lakini alijua pia mwalimu angelala usingizi mzuri.

"Yasiishe, mwalimu."

Akatoa kile kipande cha chaki, akakiweka kwenye daftari, pale jina lake lilipokatwa. Akatoka, akapita mlingoti wa bendera, akashuka kuelekea kwenye vichanja. Shuleni pale hakukanyaga tena.